Chakacha kwenye MPC: rekebisha noti iliyokosea, usiinyooshe ngoma nzima

FundiNgamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Vijana wa hapa Tanga wananiletea kazi zao na lalamiko ni lilelile: "Fundi, nimepiga chakacha safi kabisa, nimeisawazisha kwenye mashine imetoka gwaride." Wengine wameshahukumu kwamba sekwensa (mashine za kurekodi na kupanga noti) haziwezi ngoma za mwambao, basi. Mashine inaonewa. Tatizo ni gridi mnayochagua, yaani vituo ambavyo mashine inavutia noti, pamoja na hii tabia ya kusawazisha treki nzima kwa ajili ya noti mbili zilizoteleza.

Mimi natumia MPC2000XL ya mtumba, sekwensa ya Akai yenye pedi, imeunganishwa na kinanda cha Yamaha kwa kebo ya pini tano. Mwenye mashine nyingine asikimbie, hesabu ni zilezile.

Kwanza tuelewane tunahariri nini. MIDI, ile lugha ambayo mashine za muziki zinazungumziana kwa kebo hiyo, haibebi sauti. Tangu ilipoonyeshwa hadharani mwaka 1983, inabeba taarifa tu: noti namba fulani (0 hadi 127, do ya katikati ni 60), imepigwa kwa nguvu kiasi gani (1 hadi 127), kwenye chaneli ipi kati ya 16. Sekwensa yenyewe inaongeza mambo mawili: noti imeingia wapi na imekaa muda gani. Kwa hiyo ukifungua orodha ya noti, unachogusa ni namba, nguvu, mahali, urefu. Hakuna uchawi mwingine humo ndani.

Mahali ndipo penye kesi. MPC za zamani, kuanzia MPC60 ya mwaka 1988, zinagawa biti moja katika tiki 96. Hizi mpya zinagawa 960. Kwenye kioo cha 2000XL unasoma 001.01.00, yaani kipimo cha kwanza, biti ya kwanza, tiki sifuri. Kwa tempo ya 100, biti moja ni milisekunde 600, kwa hiyo tiki moja ni milisekunde 6.25. Sikio la mpiga kayamba linasikia tiki tatu bila shida. Mbili tubishane.

Sasa angalia kayamba ya kijana mmoja aliyekuja kwangu. Sikwensi naiweka 4/4, na chakacha inakata biti mara tatu. Alivyopiga kwa mkono, bila kusawazisha, biti ya kwanza ilisomeka hivi:

001.01.00
001.01.35
001.01.62

Mgawo mnyoofu wa tatu ungekuwa 00, 32, 64. Pigo lake la pili limechelewa kidogo na la tatu limewahi kidogo. Huko ndiko kuchezesha. Bwana mdogo akaenda kwenye TC (timing correct, ndiyo kusawazisha kwenyewe) akaacha 1/16 kama alivyoikuta. Gridi ya 1/16 ina vituo kila tiki 24: 00, 24, 48, 72. Mashine ikafanya ilivyoagizwa, kila noti ikavutwa kwenye kituo cha karibu. 35 ikaenda 24. 62 ikaenda 72. Akabaki na 00, 24, 72. Hiyo siyo chakacha tena, ni mtu mwenye mguu mmoja mfupi.

Angechagua 1/8(3), ule mgawo wa tatu, vituo ni kila tiki 32, angepata 00, 32, 64. Afadhali sana, ila bado ule mchezo wa mkono umekufa.

Ninavyofanya mimi: TC naizima wakati wa kurekodi ngoma za mkono. Narekodi vipimo vinne, nasikiliza nikiwa nimefumba macho, naandika pembeni ni wapi panapokera. Halafu naingia kwenye uhariri wa hatua kwa hatua, naenda kwenye noti hiyo tu. Kama ipo 002.03.49 na wenzake kwenye biti nyingine wapo kati ya 33 na 36, basi huyo ndiye mkosaji. Naandika 35, nasonga mbele. Noti iliyopo 30 lakini haikeri masikioni siigusi. Kuna watu wanasahihisha namba badala ya muziki, wakiona 31 na 34 hawalali.

Baada ya mahali, nenda kwenye nguvu, kwa sababu nusu ya "gwaride" inatoka huko. Ukiwa umeacha kitufe cha FULL LEVEL kinawaka, kila pigo linaingia na 127. Kayamba yenye 127, 127, 127 haiwezi kuchezeka hata ikiwekwa na malaika. Ya kijana huyu tuliirudisha kwenye 96, 58, 74, kipimo kinachofuata tukabadilisha kidogo. Hapo akaanza kutikisa kichwa mwenyewe.

Maswali karibuni. Picha za kioo sina, simu yangu haipigi vizuri usiku.

---

DogoSahare

Siti ya mbele. Hiyo 00, 24, 72 umenisema mimi kabisa 😂

---

Prodyuza_Mikanjuni

Mkuu heshima yako, lakini 2000XL mpaka leo? FL Studio kwenye kompyuta unaburuta noti kwa mausi umemaliza. Mnajitesa na tarakimu.

---

FundiNgamiani

Mkuu wala sibishani, kompyuta ninayo na naitumia. Ila mambo mawili. Moja, kwenye shughuli ya usiku Makorora, na vumbi lile, nikibonyeza PLAY nataka ianze, sitaki dirisha la kuniuliza kama nasasisha programu. Pili, hata FL ina gridi. Ukiburuta noti huku gridi imekaa kwenye mgawo wa nne, itakung'ang'ania kwenye mgawo wa nne vilevile. Tarakimu angalau zinakulazimisha usikilize, kwa sababu hakuna vijimatofali vya rangi vya kukufurahisha macho.

---

MwanaKaole

Salaam kutoka Bagamoyo. Uzi mzuri, ila Fundi hapo kwenye 4/4 na mgawo wa tatu nakukatalia.

Mimi ngoma nimejifunzia hapa hapa, wakati watu wengi bado wanasema Chuo cha Sanaa, kabla hawajazoea jina la TaSUBa. Chakacha, na ngoma zetu nyingi za Pwani, zinahesabika sita kwa nane. Kwa nini uidanganye mashine kwamba ni nne kwa nne halafu uanze kuhangaika na 1/8(3)? Weka sikwensi 6/8 tangu mwanzo. Mgawo wa nane unakuwa tiki 48, kipimo kizima tiki 288. Hata mtu akisahau TC kwenye 1/16, vituo vya kila 24 vinaangukia vizuri, hakuna kinachovunjika.

Na kuna faida hukuitaja. Biti moja ya kucheza kwenye 6/8 ni migawo mitatu ya nane, yaani tiki 144. Kwako ni 96. Mimi nina nafasi nyingi zaidi za kumweka mpiga chapuo pale anapotaka kukaa. Kwa mashine ya zamani hiyo siyo tofauti ndogo.

---

FundiNgamiani

MwanaKaole, hilo la 144 umenishika, sina jibu. Kwa ngoma tupu, vumi, chapuo na kayamba, 6/8 ni bora.

Lakini waambie na gharama yake. MPC inahesabu tempo kwa noti ya robo. Ngoma inayochezwa kwa 100, kwenye 6/8 lazima uandike tempo 150. Ukiiunganisha na mashine ya pili kwa saa ya MIDI, ile inatuma mapigo 24 kwa kila noti ya robo, basi na yule mwenzako anaamini wimbo ni 150. Mwangwi wake na athari zake zote zinafuata 150. Ukimletea mpiga kinanda wa bendi metronomu hiyo masikioni atakurushia vifaa vyako.

Halafu siku hizi wateja wanataka chini kuna kiki ya dansi, nne sakafuni (kiki moja kila biti), juu chakacha. Hapo nabaki 4/4.

---

MwanaKaole

Kiki nne sakafuni chini ya chakacha. Haya. Wateja wana haki zao.

Ila kwa wanaofuata 4/4 ya Fundi, angalizo: msijaribu kutengeneza mgawo wa tatu kwa kuongeza swingi, yaani kuchelewesha kila noti ya pili. Swingi ya MPC inakwenda 50 hadi 75, na ukiweka 66 ile 1/16 ya pili inatoka tiki 24 inakwenda kwenye 32. Mtu anaona 32 anasema ndiyo yenyewe. Lakini pigo la tatu huna, swingi inakupa noti mbili kwa kila nusu biti. Utapata shafo, chakacha hupati.

---

Bi_Raskazone

Kaka Fundi, naomba msaada. Natengeneza treki za taarab kwa kikundi chetu cha akina mama, nyuzi natoa kwenye kinanda cha Yamaha, sekwensa ni ya kwangu ndogo. Kuna sehemu nyuzi zinaganda. Wimbo unaisha, nyuzi bado zinalia mpaka nizime kinanda. Nimefuta noti zote za sehemu ile nikapiga upya, bado zinaganda.

---

FundiNgamiani

Dada, umefuta noti, je umefuta kanyagio? Naweka dau hapo.

Ukikanyaga pedali ya kushikilia sauti, sekwensa inarekodi kontrola namba 64 yenye thamani 127. Ukiachia inarekodi 64 tena, thamani 0. Sasa ukikata au kunakili kipande cha vipimo nane, na mguu wako ulikanyaga ndani ya kipande lakini uliachia baada ya mpaka, ile 127 inabaki ndani na ile 0 inabaki nje. Kinanda kinaambiwa shikilia, hakiambiwi achia. Hata ukipiga noti upya juu yake, agizo la kushikilia bado lipo.

Fungua orodha, usiangalie noti tu, onyesha aina zote za matukio. Tafuta 64. Ukikuta 127 haina 0 yake, ongeza 0 kabla kidogo ya mwisho wa kipande. Kwa dharura jukwaani, bonyeza kitufe cha kunyamazisha noti zote kama mashine yako inacho, na kontrola zirudishwe sifuri.

---

Bi_Raskazone

Ilikuwepo! Kipimo cha 31, 127 peke yake kama yatima. Ahsante sana kaka, nilishaanza kuulaumu mfumo wa kinanda.

Swali la pili na nisisumbue tena: nikipiga kinanda huku sekwensa imewashwa, kila noti inatoka mara mbili, sauti inakuwa nyembamba na inazunguka. Kwenye orodha noti ni moja moja.

---

FundiNgamiani

Husumbui. Kidole chako kinapiga sauti ya ndani ya kinanda, wakati huohuo noti inaenda kwenye sekwensa, na sekwensa inairudisha kinandani. Kinalia mara mbili kwa tofauti ya milisekunde chache. Ingia kwenye mipangilio ya MIDI ya kinanda, tafuta LOCAL, weka OFF. Vidole vitatuma MIDI tu, sauti itatoka ikirudi kutoka kwenye sekwensa. Ukimaliza kazi rudisha ON, la sivyo kesho utabonyeza kinanda kimya kabisa na utampigia fundi simu usiku.

---

BabuDufu

Nimewasoma wanangu. Mimi siyo wa mashine, mjukuu ndiye kanifungulia hapa. Enzi za vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star hapa Tanga, gitaa la besi lilikaa lilipokaa, hapakuwa na tiki.

Swali langu ni moja. Fidla ya taarab ina sauti zile za katikati, haziko kwenye kinanda. Mashine yenu yenye noti 128 inazifanyaje?

---

FundiNgamiani

Shikamoo mzee wangu. Hilo ndilo swali la uzi huu.

Namba za noti zinapanda nusu toni kwa nusu toni, robo toni haina namba. Njia ya kwanza, inayotosha kwa wengi: vinanda vingi vya Yamaha na Korg vya kupigia mitindo vina ukurasa wa kubadili skeli, unashusha noti moja moja kwa senti (senti 100 ni nusu toni). Kwa makamu (skeli ya Kiarabu) ya Rasti inayoanzia do, unashusha mi na si kwa senti 50. Noti kwenye sekwensa zinabaki za kawaida, kinanda ndicho kinachozilia chini. Hapo huhariri kitu.

Njia ya pili ni kwa wasio na ukurasa huo, au wimbo unaobadili makamu katikati. Unatumia gurudumu la kupinda sauti, ila hulizungushi kwa mkono, unaandika namba kwenye orodha. Kupinda kuna thamani 16,384, katikati ni 8192. Kinanda kikiwa kimepangwa kupinda nusu toni mbili kila upande, ndivyo vingi vinavyotoka kiwandani, basi senti 200 ni hatua 8192. Senti 50 ni 2048. Kabla ya kila mi unaweka tukio la kupinda lenye 6144, baada yake unarudisha 8192. Mashine zinazoonyesha katikati kama 0 utaandika -2048.

Weka tukio hilo tiki moja au mbili kabla ya noti. Vikikaa tiki moja pamoja, kipi kitoke kwanza ni bahati, na ukikosa bahati utasikia fidla ikiteleza mwanzoni mwa noti. Pia fidla iwe na chaneli yake peke yake. Kupinda kunagusa chaneli nzima, ukichanganya fidla na akodi kwenye chaneli moja utaishusha bendi yote.

---

BabuDufu

Marahaba. Mjukuu amesikia, mimi nimechoka tayari. Lakini hiyo mi ya senti 50 msiifanye sheria. Mpiga fidla mzuri leo anaishusha hivi, kesho vile, akipanda anaigusa tofauti na akishuka.

---

FundiNgamiani

Kweli kabisa mzee. Ndiyo maana njia ya pili, pamoja na taabu yake, inakuruhusu: mi ya kupanda unaipa 6400, ya kushuka 6100. Ukurasa wa skeli haukupi hiyo.

---

DogoSahare

Fundi, braza wangu ana Digitakt, mashine ya ngoma, haina orodha, ni hatua 16 tu zinawaka. Chakacha itakaaje?

---

MwanaKaole

Ngoja nimjibu dogo, ninayo.

Treki ya ngoma ipe urefu wa hatua 12 badala ya 16, na kasi yake iweke 3/4. Hatua 12 zitatumia muda uleule wa hatua 16 za kiki. Biti moja ina hatua tatu, chakacha inakaa yenyewe, na kiki ya nne sakafuni ya wateja wa Fundi inaendelea kwenye treki yake.

Kusogeza noti moja: shikilia hatua hiyo, bonyeza mshale wa kushoto au kulia. Inasogea kwa vipande vya 1/384 vya noti nzima. Ukigawa utaona ni tiki ileile ya 96 kwa biti.

---

Prodyuza_Mikanjuni

Sawa nimekubali nusu. Nimefungua biti yangu ya wiki iliyopita, nikazima gridi, nikavuta kayamba kwenda kwenye zile namba za 35 na 62. Imefufuka. Besi nimeiacha kwenye gridi, nikiigusa yote inalewa.

---

FundiNgamiani

Hapo umeongea. Na mimi kiki na besi naziacha kwenye gridi kamili, mtu mmoja lazima awe mlinzi. Kwenye besi nahariri urefu badala ya mahali: noti ya biti nzima yenye tiki 96 naipunguza mpaka 80 hivi. Ule upenyo mdogo kabla ya noti inayofuata ndio unaiachia vumi ipumue.

Kingine kwa wanaorekodi kwa lupu (kipande kinachojirudia) TC ikiwa imezimwa: ukiwahi biti ya kwanza kidogo, kiki yako haiingii 001.01.00, inaingia mwisho wa lupu, mfano 004.04.91. Ikizunguka huwezi kujua. Ukiipanga kwenye wimbo, kiki ya kwanza haipo, na mwishoni kuna moja imezidi inagongana na sehemu inayofuata. Kila mara pitia tiki kumi za mwisho za lupu kabla ya kufunga kazi.

---

Bi_Raskazone

Na umeme ukikatika kaka?

---

FundiNgamiani

Dada usiniletee balaa 😅 2000XL ikizima, kila kitu kilichopo kwenye kumbukumbu kimeondoka, haihifadhi yenyewe. Kila nikimaliza kuhariri sehemu moja nahifadhi kwenye flopi kabla sijanywa hata chai. Sikwensi ni ndogo sana, flopi moja ya 1.44 inabeba nyingi. Sampo, yaani vipande vya sauti, ndizo zinazoijaza.

---

DogoSahare

Mwisho Fundi. Nataka kuleta faili la MIDI kwako kutoka kwenye kompyuta ya braza. Inaniuliza aina 0 au aina 1.

---

FundiNgamiani

Aina 1. Aina 0 inamwaga chaneli zote kwenye treki moja, nitakaa nazitenganisha mpaka alfajiri. Na kama imetoka kwenye mashine ya tiki 960, ujue kwangu zinakuja 96, noti zitakazoangukia katikati zitasogea kidogo. Njoo na sauti yake pia nisikilize ilivyokuwa.

---

DogoSahare

Poa. Kesho baada ya alasiri nipo hapo.